Uzi: Sabuni ya kufulia ya nyumbani kwa gharama ndogo, tuanze na mizani

MamaMizani (mwanzisha uzi)

Salaam wadau. Uzi huu naufungua kwa ajili ya viganja vya watu.

Miaka sita iliyopita nilitengeneza sabuni yangu ya kwanza ya kufulia kwa maelekezo ya mdomo: vikombe vitatu vya mafuta ya nazi, kikombe kimoja cha kostiki soda (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), maji "kiasi". Iliganda vizuri, nyeupe, ngumu, nikaifurahia sana. Nikafulia mashuka mawili. Jioni ngozi ya vidole ilikuwa imekakamaa na kung'aa kama karatasi, kesho yake ikaanza kuchunika. Nilipoupasua ule mche katikati nikakuta vijishimo vyenye unyevu, na ndani yake chembe nyeupe. Ilikuwa soda iliyokosa mafuta ya kuungana nayo.

Baadaye nilinunua mizani nikapima vikombe vilevile. Mafuta yalikuwa kama gramu 690. Soda ilipita gramu 200. Kumbe mafuta yale yalihitaji gramu 126 tu! Nilikuwa nafua kwa sabuni iliyobeba soda tupu, na kama kuna mtu anatumia maelekezo ya vikombe sasa hivi, namwomba aweke kando mche wake kwanza asome hapa.

Kila mafuta yana namba yake ya soda. Gramu 1 ya mafuta ya nazi inakula gramu 0.183 za kostiki soda. Mawese ni 0.142 hivi, shahamu ya ng'ombe 0.140, alizeti 0.134. Namba hizi hutofautiana kidogo sana kati ya mzigo na mzigo, ndiyo maana tunapunguza soda asilimia fulani ili mafuta yazidi kuliko soda, isiwe kinyume chake. Ukibadilisha mafuta bila kubadilisha soda umeharibu hesabu. Na kikombe hakijui kama soda yako ni ya magamba, ya punje au ya unga. Mizani inajua.

Hii ndiyo ninayotumia: mafuta ya nazi kilo 1, kostiki soda gramu 181 (yaani nimepunguza asilimia 1), maji gramu 360. Maji nayo nayapima kwa mizani.

Soda inamwagwa kwenye maji baridi, kidogo kidogo, huku unakoroga. KAMWE usimwage maji juu ya soda, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Mchanganyiko unapanda wenyewe hadi zaidi ya nyuzi 80 bila moto, unatoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo fanyia mahali penye hewa na usiinamie chombo. Glavu, miwani ya kinga, mikono mirefu. Watoto na wanyama wawe mbali. Ukipoa hadi nyuzi 40 hivi, umimine kwenye mafuta yaliyoyeyuka ya joto hilohilo, ukoroge mpaka ukiinua mwiko tone linaacha mchirizi juu usiozama. Hapo mimina kwenye kalibu.

Sabuni ya nazi ina haraka. Inajipasha moto yenyewe ndani ya kalibu, na baada ya saa tano au sita inakuwa ngumu. Ikate ingali na uvuguvugu. Ukiiacha hadi kesho inavunjika vipandevipande kama chaki.

---

Kijana_Povu

Asante sana mama. Mimi kostiki soda naiogopa kusema kweli. Nilichokuwa nafanya ni kuchukua mche mmoja wa gramu 200, naukwangua kwa kikwanguo, nauyeyusha kwenye maji moto, halafu naongeza maji mpaka ndoo ya lita 10 ijae. Inatoka jeli nyingi ajabu, inakaa mwezi mzima. Tatizo nguo zinanukia uvundo zikilowa jasho, hata kama zimefuliwa jana. Natumia kikombe kimoja kwa kila ndoo ya nguo. Nakosea wapi?

---

MamaMizani

Mwanangu Povu, hukosei kuogopa soda, anayeiogopa ndiye anayevaa miwani. Ila tupige hesabu ya ndoo yako.

Gramu 200 kwenye lita 10 ni gramu 20 kwa lita. Kikombe chako cha robo lita kina gramu 5 za sabuni. Gramu tano! Ni kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ndicho unachotumia kufulia ndoo nzima ya nguo. Kilichobaki ni maji. Jeli inaonekana nzito kwa sababu sabuni ya kostiki soda ikichanganywa na maji hushikana hata ikiwa kidogo, lakini uzito ule wa kwenye kijiko hauondoi jasho wala mafuta ya ngozi.

Hii ndoo ya lita 10 imewapa watu wengi moyo kwamba wamepata sabuni ya karibu bure, na inaniuma, kwa sababu wanaofua nayo wanaishia kusugua mara tatu na kulaumu nguo zao. Ukitaka kujua sabuni ipi ni rahisi, usihesabu lita. Hesabu gramu za sabuni unazotumia kwa kila fuo mpaka nguo itoke safi.

Kama hutaki kugusa kostiki, tengeneza unga. Kwangua mche, acha yale makwanguo yakauke siku tatu nne mpaka yanavunjika ukiyafinya, kisha saga na uchanganye na magadi soda (sodiamu kaboneti ya kufulia, si bikaboneti ya kupikia) kwa uzito sawa. Weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Anza na vijiko viwili vya mezani vilivyojaa kwa ndoo, maji yakiwa ya moto au vuguvugu. Povu likikatika kabla nguo hazijaisha, ongeza. Povu la sabuni likifa maana yake sabuni yote imeshatumika, uchafu au chumvi za maji zimeimaliza.

---

Dobi_Mstaafu

Nimefua nguo za watu miaka thelathini na moja, kwa mikono na kwa mashine. Mtoa mada kasema vizuri kuhusu mizani, ila hajagusa maji, na huko ndiko sabuni nyingi zinakopotelea.

Chukua chupa safi yenye mfuniko, jaza maji yako nusu, tia vikwangua vichache vya sabuni, tikisa kwa nguvu. Fanya hivyohivyo kwa maji ya mvua kwenye chupa ya pili. Ziweke kando kwa kando. Ya mvua itakuwa na povu juu na maji ya chini yanapenya mwanga. Kama maji yako ni magumu, povu litakuwa chache, na chini utaona ukungu mweupe wenye vipande vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika. Vile vipande ndiyo sabuni yako. Imeshikana na kalsiamu na magnesiamu ya maji, haifui tena kitu, na inaenda kukaa kwenye nguo.

Taulo inayokwaruza, shati jeupe linalogeuka rangi ya majivu, kola yenye utando ukiikwaruza kwa ukucha, huo wote ni ugonjwa mmoja. Watu wanaona nguo haijatakata wanaongeza sabuni, na utando unaongezeka.

Dawa yake ni magadi soda, tena yatangulie. Yayeyushe kwenye maji kabla ya sabuni, yape dakika tano. Yanaikamata ile kalsiamu na kuiangusha chini kama chokaa, ndipo sabuni inaingia kwenye maji yasiyo na wa kuipinga. Ukitia vyote pamoja, sabuni nyingine inawahiwa na kalsiamu. Ugumu mwingine wa maji unaondoka kwa kuchemsha tu, ule unaoacha ukoko mweupe ndani ya birika, ila kuchemsha maji ya nguo zote ni kazi kubwa na kuni au umeme mwingi.

Na huyo kijana, nguo zako zina mabaki ya miezi. Loweka kwenye maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia, magadi soda nusu kikombe kwa ndoo, usiku kucha, bila sabuni. Asubuhi angalia rangi ya maji. Usifanye hivyo kwa sufi wala hariri, magadi yanakula nyuzi zitokanazo na wanyama. Hizo nazo usizifulie unga wenye magadi.

---

MamaMizani

Shikamoo mzee wangu. Hili la magadi kutangulia nilikuwa silijui, mimi huchanganya yote kwenye unga. Kuanzia leo nagawa vyombo viwili.

---

Dobi_Mstaafu

Marahaba mama. Kama maji ni laini, unga mmoja unatosha, usijipe kazi ya bure.

---

Mkemia_Mtaani

Dada MamaMizani, nakuunga mkono kwa mengi, lakini ile asilimia 1 naipinga kwa mtu anayeanza. Mizani ya nyumbani kukosea gramu mbili ni jambo la kawaida. Gramu mbili katika 181 ni zaidi ya asilimia 1, kwa hiyo ile nafasi yako ya usalama imeliwa yote na mizani. Aanze na asilimia 3, gramu 178 kwa kilo ya nazi.

Pili, chombo. Hujasema chombo. ALUMINIAMU HAPANA. Kostiki soda inaila aluminiamu na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka. Tumia chuma cha pua au plastiki ngumu inayostahimili joto. Glasi pia hapana, hata zile za jikoni, soda huichimba polepole na siku moja jagi linapasuka likiwa limejaa.

Tatu, ikikurukia mwilini: maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, vua nguo iliyolowa. Jichoni ni hivyohivyo huku unakimbizwa hospitali. Siki usipake. Watu wanaiweka karibu kwa nia njema, lakini kutafuta siki kunapoteza sekunde ambazo soda inazitumia kuchimba ngozi, na ikikutana na soda kali inatoa joto juu ya jeraha.

---

MamaMizani

Kaka, hoja ya mizani nimeikubali. Nilisahau kwamba mimi natumia mizani inayosoma hadi desimali. Anayeanza aweke gramu 178.

Ila tusipande hadi asilimia 5 au 8 kama sabuni za kuogea, maana nimeona wengi wanachukua kipimo cha sabuni ya uso wanafulia nguo. Kwenye ngozi mafuta ya ziada ni raha. Kwenye kitambaa yanabaki, yanachacha, foronya inapata manjano na harufu ya mafuta ya zamani. Nilipoteza foronya nne hivyo.

Chombo ni kweli, nilipitiwa. Mimi natumia ndoo nene ya plastiki na mwiko wa chuma cha pua, na haviingii jikoni tena kwa kazi nyingine yoyote.

---

Nuru_B

Wapendwa naomba kuuliza. Nina mtoto wa miezi minne, ngozi yake inawasha haraka. Nilikuwa nafua nepi kwa mchanganyiko wa sabuni ya kukwangua, bikaboneti ya soda na siki, vyote pamoja kwenye chupa, nilielekezwa kwamba lile povu ndilo linatoa uchafu. Lakini kwenye chupa yanajitenga, juu yanakaa mabonge ya mafuta mafuta. Na je, naweza kufulia sabuni ya dada MamaMizani?

---

Mkemia_Mtaani

Dada Nuru, hayo mabonge ni sabuni yako iliyovunjwa. Siki ni asidi, na sabuni ikikutana na asidi inarudi kuwa asidi za mafuta, grisi kabisa. Siki na bikaboneti nazo zinauana: povu lile ni hewa ya kaboni tu inatoka, kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu isiyofua. Viungo vitatu vizuri vimeingia kwenye chupa kimoja kimoja na kutoka bila kazi.

Kila kimoja kina zamu yake. Magadi na sabuni kwenye kufua. Siki, kama unaitaka, kwenye maji ya MWISHO ya kusuuza, baada ya sabuni kutoka yote, vijiko vichache kwa ndoo. Hapo inaondoa mabaki ya magadi na taulo inalainika. Na siki isikutane kamwe na klorini ya kung'arishia nguo, ikikutana nayo inatoa gesi ya sumu. Kama unatumia klorini kwa nepi, siki iache kabisa siku hiyo.

Hiyo bikaboneti uliyonayo usiitupe. Itandaze kwenye trei ya chuma, si ya aluminiamu, iingie kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja, ukikoroga mara mbili. Inageuka kuwa magadi soda. Ipime kabla na baada: gramu 100 zinashuka hadi 63 hivi, iliyoondoka ni maji na hewa ya kaboni. Uzito ukigoma kushuka mpaka hapo, irudishe kwenye oveni.

---

MamaMizani

Nuru mdogo wangu, kwa mtoto subiri sabuni ikae wiki sita, na uijaribu kabla. Lowesha kidole, sugua juu ya mche, gusa ncha ya ulimi. Ikikupiga kama umegusa betri, ina soda tupu, isiende kwenye nepi wala mkononi mwako. Sabuni nzuri ina ladha ya sabuni tu.

Nepi suuza mara tatu, ya tatu maji yawe yanaonekana hadi chini ya beseni bila weupe. Usitie manukato wala rangi. Na kama ngozi inaendelea kuwasha, mwone daktari, kwa sababu inaweza isiwe sabuni.

---

Fundi_K

Mimi nina lita kama nane za mafuta ya alizeti yaliyokwisha kukaangia. Naweza kuyageuza sabuni ya kufulia? Ni meusi na yananuka.

---

MamaMizani

Fundi, hapa ndipo unafuu wa kweli unapoanza, maana malighafi ghali kuliko zote kwenye sabuni ni mafuta, na wewe unayo tayari. Lakini yanataka kuoshwa.

Yachuje kwanza kwa kitambaa. Kisha yachemshe taratibu na maji ya ujazo uleule pamoja na chumvi kidogo, dakika 15, ukikoroga na kukaa macho yasifurike. Acha usiku yapoe. Asubuhi mafuta yako juu, maji chini yamekuwa na rangi ya chai, na katikati kuna tope la makombo. Chota ya juu tu. Rudia kama harufu bado ni kali. Halafu yapashe moto mdogo mpaka yaache kutoa vijipovu vya maji, pole pole na bila kuondoka, kwa sababu maji yaliyobaki chini yanaweza kuruka.

Alizeti peke yake itakupa sabuni laini inayoyeyuka upesi ukiiacha kwenye maji. Changanya gramu 600 za hayo na gramu 400 za nazi. Soda: 600 mara 0.134 ni 80.4, na 400 mara 0.183 ni 73.2, jumla 153.6. Punguza asilimia 3, unapata 149. Maji gramu 300. Itachukua muda mrefu zaidi kushika kuliko nazi tupu, usiingiwe na wasiwasi ukaongeza soda. Huo wasiwasi ndio unaochoma watu.

---

Dobi_Mstaafu

Na ikitoka mbaya, ina mafuta juu au ina soda, isitupwe. Ikwangue, ichemshe na maji mpaka iyeyuke yote, kisha nyunyiza chumvi kidogo kidogo huku unakoroga. Itafika mahali sabuni inakatika na kupanda juu kama mtindi mzito, na chini yanabaki maji ya kahawia yenye chumvi, gliserini, na ile soda ya ziada. Chota ya juu, kandamiza kwenye kalibu. Glavu usivue, yale maji ya chini yanaunguza. Ya mafuta ya kukaangia inatoka na rangi safi zaidi na harufu imeenda na maji. Hiyo ndiyo njia waliyotumia watengenezaji wa zamani kusafisha sabuni za kuchemsha.

Ila kwa sabuni ya nazi utahitaji chumvi nyingi sana kabla haijakatika, maana haiogopi chumvi. Ndiyo maana mabaharia waliweza kuitumia na maji ya bahari ikatoa povu.

---

Fundi_K

Mzee na mama, nashukuru. Nimeshachuja, yanapoa. Je, majivu ya kuni hayawezi kuchukua nafasi ya kostiki?

---

Mkemia_Mtaani

Yanaweza kutoa sabuni, ila maji ya majivu ni ya potasiamu, sabuni yake ni laini ya kuchota, haigandi kuwa mche. Na nguvu yake inabadilika kwa aina ya mti na jinsi ulivyochuja, hivyo ile hesabu ya gramu haipo. Kwa mwanzo chukua kostiki unayoweza kuipima.

---

Kijana_Povu

Wakuu nimerudi, wiki ya saba leo.

Niliweka nguo zote kwenye magadi usiku kama mzee alivyosema. Asubuhi maji yalikuwa ya kijivu kizito, na shati la kazini ambalo nilikuwa nimelifua JANA YAKE ndilo lililotoa uchafu mwingi kuliko yote. Nilisimama pale nikaliangalia tu. Uvundo umeondoka.

Halafu nikapata ujasiri nikanunua soda, miwani na mizani. Nazi kilo 1, soda 178, maji 360. Siku ya kwanza mzigo wote ulikuwa gramu 1,530 kwenye kalibu, leo vipande vyote ni gramu 1,335 na vinalia kama vigae ukivigonganisha. Ulimi haupigi. Natumia kama gramu 25 kwa ndoo baada ya magadi, povu linakaa mpaka nguo ya mwisho.

Swali moja. Soda iliyobaki imeanza kushikana mabonge, ilikuwa kwenye mfuko wake niliukunja tu. Bado ni nzima?

---

MamaMizani

Mwanangu, nimeusoma ujumbe wako mara mbili kwa furaha.

Hiyo soda imevuta unyevu na hewa ya kaboni, sehemu yake imeshageuka magadi, kwa hiyo gramu 178 za mizani hazitakuwa tena gramu 178 za soda. Ukiitumia utapata sabuni yenye mafuta juu. Usiifidie kwa kukisia. Itumie kuzibulia bomba, glavu na miwani vikiwa mahali pake, na nyingine utakayonunua ihamishie siku hiyohiyo kwenye chombo cha plastiki nene chenye mfuniko wa kusokota, ukiandike jina na tarehe, ukiweke juu mtoto asipofika.